Kwa Sista Umelalaje, Aliyetufundisha Kukabidhi Zamu

Ni mwaka mmoja sasa tangu ulipotutoka, mama watoto, na bado nikifungua mlango jioni naitikia salamu ambayo hakuna aliyeitoa.

Mtaani walikuita Sista Umelalaje, kwa sababu hukumpita mtu bila kumuuliza hivyo, hata muuza mkaa, hata saa kumi jioni. Mtu akicheka, ulimwambia, "Anayecheka hajajibu." Kisha unasubiri.

Miaka ishirini na sita uliwauguza watu, wodini kwanza, halafu kwenye zahanati, ukizunguka nyumba kwa nyumba. Ukiingia kwenye nyumba yenye mgonjwa ulimpima, ukampa dawa zake, kisha ukamtafuta yule anayemwogesha na kumlisha. Mara nyingi alikuwa jikoni, macho mekundu. Uliketi naye ukamuuliza nani anampokea zamu. Akisema hakuna, uliwaita watu wote wa nyumba ile, wakubwa kwa wadogo, ukawagawia zamu palepale. Baba mmoja alilalamika kwamba yeye hajawahi kumwosha mtu. Ulimjibu kwamba hata wewe hukuzaliwa unajua. Mwezi haukuisha, alikuwa akimkata mama yake kucha.

Nyumbani kwetu pia ulileta desturi ya wodini. Ulituambia muuguzi haondoki mpaka amweleze anayempokea kila mgonjwa ameshindaje. Basi kabla ya kuondoa vyombo vya chakula cha jioni, kila mmoja wetu alikabidhi siku yake, tukianza na mdogo. Kitinda mimba alisema anaumwa hesabu. Ukasema hiyo haina sindano, ukamwomba dada yake aketi naye. Mimi nilikuwa wa mwisho, na uliniita mgonjwa wako sugu, maana kila siku nilijibu "salama" tu. Ilikuchukua miaka kunitoa neno jingine. Siku niliposema naona haya kusoma kwa kubahatisha mbele ya watoto, hukucheka. Kesho yake ulinisindikiza mpaka mlango wa darasa la jioni.

Lakini mganga hajigangi. Ulipogundua uvimbe mwilini mwako ulinieleza mimi peke yangu, ukaniomba nisiwaambie watoto mpaka kifungua mimba wetu amalize mtihani wake wa mwisho wa uuguzi. Wewe, uliyewaonya watu kila nyumba kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Nami nikakubali. Wiki kumi na moja tuliketi mezani, zamu yako ikifika unasema umechoka kidogo, nami natazama sahani. Alipomaliza mtihani, ulikuwa umebakiza siku tisa.

Baada ya mazishi aliniambia, "Baba, mimi ndiye niliyesomea kumuuguza. Mkaninyima mgonjwa wangu." Akaenda kuanza kazi hospitalini, na mwaka mzima salamu zake kwangu zilipitia kwa wadogo zake. Kila alfajiri nilipiga magoti nikamwomba Mungu asiiache nyumba yako iugue ugonjwa uleule wa kufichana ambao wewe uliwaponya wengine.

Nilipoanza kuandika maneno haya, niliacha nafasi tupu pale tunapotajwa wanaokukumbuka, maana sikujua kama angekubali kuwekwa pamoja nami. Jumamosi iliyopita niliitia karatasi hii mfukoni nikamfuata hospitalini anakofanya kazi, nikamngoja kwenye benchi la wagonjwa mpaka akatoka. Nikamweleza yote tangu siku ya kwanza: ulivyoushika mkono wangu ukauweka juu ya uvimbe, ulivyonisihi, nilivyoogopa kukukatalia. Nikamwambia nilikutii mahali nilipopaswa kukubishia, na kwamba ninatubu. Alilia, akajifuta kwa mkono wa sare yake, kisha akasema, "Umekonda, baba. Unakula?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sili vizuri.

Akanipeleka ndani, akanipima presha, akanigombeza kwa sauti yako hasa. Wauguzi wenzake walidhani ni mgonjwa mkorofi. Kisha akaiona karatasi hii mfukoni mwangu, akaiomba, akasoma yote niliyokuwa nimeandika akiwa amesimama.

Mama watoto, koti lako jeupe bado limetundikwa nyuma ya mlango wa chumba. Hakuna anayethubutu kulifua. Siku nyingine namkuta kitinda mimba amesimama pale, uso ameufukia kwenye kola, nami narudi kinyumenyume ili asijue nimemwona. Tumekukosa kila mahali: kwenye foleni ya bafuni asubuhi, kwenye sala, kwenye kicheko kilichokuwa kikisikika kabla hujafika. Tunamshukuru Mungu aliyetuazima mtu kama wewe. Tulitamani tu atuachie kwa muda zaidi.

Wanaokukumbuka: kifungua mimba wako, aliyejiandika hapa kwa mkono wake mwenyewe, kabla yangu, mimi mume wako, binti yetu wa kati na kitinda mimba wetu, dada yako, mama mkwe wako, ambaye hadi leo anasema alizaa watoto wa kiume watupu mpaka ulipokuja wewe, pamoja na wauguzi wenzako wa zahanati.

Mpaka Mungu atakapotukutanisha, hutatoka mioyoni mwetu kamwe.