Umeme wa Friji kwa Mahesabu ya Dhahabu ya Nyota

KIKUNDI CHA WANAWAKE WAANIKA DAGAA, BANGWE
Kikao cha dharura, tarehe 6/9/2025, banda la friji.

Waliohudhuria: Regina (Mwenyekiti), Esther (Mtunza Ufunguo), Révérienne Minani (Mjumbe), Recho ambaye ni Mama Eufrasia (Katibu).
Hakuhudhuria: Diana, yuko msibani Kasingirima.

KUMB. NA. 1/9/2025: SALAMU
Mwenyekiti aliuliza hali ya kila nyumba: mume wa Esther na mguu wake, wajukuu wa Révérienne, watoto wa Diana walioko shule, na bibi wa Simbo anayeuguzwa na binti wa Katibu. Bibi ameanza kunywa uji. Tulimshukuru Mungu.

KUMB. NA. 2/9/2025: OMBI LA EUFRASIA
Katibu alieleza kwamba binti yake Eufrasia, anayesoma shahada ya pili, anafanya mahesabu kwenye kompyuta kuonyesha dhahabu ilivyotokea angani. Kompyuta inahesabu siku kadhaa bila kuzimwa. Kule Simbo anakomuuguza bibi, umeme ukikatika inaanza upya, na imeanza upya mpaka mtoto amekonda. Chuo kinataka majibu mwezi huu, la sivyo masomo yanasimama. Anaomba umeme wa sola wa friji letu.

Esther aliuliza, "Mama Eufrasia, hiyo dhahabu ya kompyuta tutaivaa shingoni?" Wajumbe walicheka. Katibu hakucheka.

Katibu alijibu kama alivyoelezwa na mtoto: nyota mbili zilizochoka zikigongana, chembe ndogondogo zinamwagika kwa wingi juu ya vitu vyepesi. Kitu kinataka kuoza, lakini kabla hakijaoza nyingine zimeshakiingia, kinazidi kuwa kizito, mpaka dhahabu.

Révérienne alisema, "Ego, ndiyo! Kama dagaa wa usiku wa giza. Hujaanika hawa, mtumbwi mwingine umeshusha."

Katibu alisema ndiyo hivyo, kompyuta inahesabu kipi kinawahi, kuoza au kumwagiwa. Mwenyekiti alisema mbio hizo tunazijua.

KUMB. NA. 3/9/2025: FRIJI
Esther alipinga, kwamba friji likizimwa samaki wetu wa migebuka wataoza kweli, siyo kule kuoza kwa angani. Alikumbusha pia redio ya harusi ya mtoto wa Mwenyekiti iliyomaliza betri. Mwenyekiti alisema hilo lilishakwisha. Esther alisema halijakwisha.

Révérienne aliuliza friji lina nini leo. Esther alilifungua mwenyewe. Lilikuwa na chupa ya maji ya Esther. Mbalamwezi imejaa, mitumbwi imepumzika, hakuna anayevua mpaka giza lirudi.

Esther akasema, "Basi. Ila maji yangu nayatoa mwenyewe."

Ilikubaliwa Eufrasia atumie umeme mpaka giza lirudi. Révérienne atakwenda Simbo kumuuguza bibi badala yake. Esther alijitolea kulala bandani kulinda mashine, kwa sharti dhahabu ikitokea aonyeshwe wa kwanza. Hapo Katibu alishindwa kuandika, kikao kikamsubiri.

KUMB. NA. 4/9/2025: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa kumi na moja jioni. Katibu aliagizwa apige picha karatasi hii amtumie Eufrasia kwenye simu.

Eufrasia mama, ule kwanza ndiyo usome. Kesho kutwa mwezi unaanza kupungua, na Esther ameshachomoa friji. Jibu leo hii unakuja na gari gani.

Mwenyekiti: Regina (sahihi)
Katibu: Recho (Mama Eufrasia) (sahihi)