Mlinganyo wa Makaa

Mwanangu,

Pokea salamu za nyumbani. Fundi amekwisha kuziba paa, na goti langu halinisumbui sana.

Binti yako sasa anajifunza kusawazisha milinganyo ya kemia. Mwanzoni alikuwa akibadilisha namba ndogo za chini, hata maji yakawa si maji tena. Nikamkanya, "Hizo usiziguse. Ongeza za mbele."

"Babu, wewe si mwalimu wa sarufi?" akasema, akacheka. Nilifurahi, kwa kuwa hakuwa amecheka tangu tumzike mama yake.

Jumanne alisawazisha mlinganyo wa makaa yanayowaka. Akanieleza kwamba hewa ikiwa haba hutoka gesi yenye sumu, isiyo na harufu. Kisha akaweka kalamu chini.

"Babu, mama alilala na jiko la makaa chumbani."

"Ndiyo."

"Na dirisha nililifunga mimi, asipigwe na baridi."

Mimi nawe tulikubaliana kumwambia kwamba mama yake alikufa kwa ugonjwa wa moyo. Nikayarudia maneno hayo. Akafunga daftari.

Tangu siku hiyo haendi shuleni, wala chakula hagusi. Nimemwambia kwamba hana kosa, kwamba hakuna aliyejua. Hanisadiki, maana nilikwisha kumdanganya.

Usimwandikie. Njoo umwambie uso kwa uso kwamba humlaumu. Kazi utapata nyingine.

Ni mimi,
Baba yako