Bosi Amekataa Mkono Wangu

Mwanangu,

Yule fundi cherehani jirani amenitia neno moyoni, nimeshindwa kulitoa. Ati mbwa mzee akikataa mkono uliomlea, anatafuta mlango tu, akafie mbali. Nikamwambia aache maneno yake. Lakini leo asubuhi nimemkuta Bosi amelala getini, pua kwenye upenyo wa chini, na bakuli lake halijaguswa.

Supu iko kwenye sufuria ndogo. Ipashe iwe vuguvugu, keti naye chini, umpe kwa kiganja. ~~Ponda kidonge uchanganye humo.~~ Hapana, usichanganye. Jana nilikificha kwenye nyama, akakitema, akanitazama kama nimemwibia. Tangu hapo nikinyoosha mkono anageuza uso. Mimi, niliyemlea tangu analala ndani ya kiatu. Baba yako anacheka, "Mama Bosi, umeachwa." Mwache acheke, na yeye chai yake hajaimaliza.

Wewe bado hajakukataa. Daktari anakuja jioni na sindano, ila kasema asipotia kitu tumboni leo, sindano haitamfaa tena. Akilamba hata kidogo, nipigie kazini.

Sasa nakuonya, haya usifanye:

Usiache geti wazi, hata ukienda dukani tu.
Usimlazimishe mdomo.
Usitie chumvi wala kitunguu.
Usivae aproni yangu, atanusa.
Na ukitoka, usimwambie kwaheri, hata kwa utani.

Mama