Sufuria Aliyoimwaga Elia

Mang'ola, kwenye mashamba ya vitunguu
Ijumaa

Mke wangu Mama Elia,

Kwanza nijibu kuhusu magoti yako, maana niliondoka unayalalamikia. Unapanda kutoka kisimani bila fimbo? Mimi ni mzima kama nyundo. Vijana wa hapa wakipiga matuta kumi wanakaa chini, mimi naunganisha mpaka jua la utosi. Na barua hii naiandika mwenyewe, siku ya tatu leo. Wale waliosema ngumbaru, kisomo cha watu wazima, itanishinda waje wasome.

Habari kubwa ni ya mwanao, na si nzuri. Keti kwanza.

Kambini kwetu tumechanganyika, Wakristo, Waislamu na wasio na dini. Kwa hiyo lori la mwisho la vitunguu likishapakiwa tunanunua mbuzi, na mchinjaji ni Shabani, Mwislamu wa Kondoa, ili kila mtu ale. Miaka yote ni hivyo, sufuria moja. Elia mwenyewe msimu uliopita alimaliza paja zima.

Safari hii nyama ilipoiva akatokea na wenzake watano, wafuasi wa mhubiri mmoja aliyehamia ng'ambo ya mfereji. Akaishika sufuria kwa gunia, akaimwaga yote mchangani. Akasema chakula cha makafiri hakiliwi. Shabani alikuwa na kisu bado mkononi, na watu wake wakaanza kuokota majembe.

Shabani akamwambia taratibu, "Mwanangu, ulipougua malaria nani alikubeba mgongoni mpaka zahanati?"

"Uliyembeba si mimi," Elia akajibu.

Nikasimama katikati. Unanijua, mimi niliyemfukuza chui zizini kwa mwiko wa ugali. Nikamwambia Elia aende zake. Akaniita mpagani, mimi niliyempeleka kubatizwa. Wakaondoka wakiapa kwamba Jumapili watabomoa kibanda wanachosalia kina Shabani. Nao kina Shabani wanasema watakayemkuta pale hatarudi na mikono yake. Hiyo Jumapili ni keshokutwa.

Watu wanasema mhubiri kawalisha dawa. Mimi nakataa. Nilisimama ukingoni mwa mfereji nikamsikiliza, maneno yake hayana hata chumvi. Maji yakipungua, anasema Waislamu wameyachafua. Sabuni ikikosekana dukani, ni wao. Mtu mwenye njaa anapenda kutajiwa jina la mwizi wake. Lakini njaa tunayo wote, na wengi hatujavuka mfereji kumfuata. Waliovuka ni hawa waliomaliza darasa la saba wakiahidiwa ukarani, wakaja kukuta magunia.

Na Elia, nikufiche nini. Zile barua zangu zote ulizopata aliandika yeye. Kambi nzima ilimletea barua awasomee, na hiyo ndiyo heshima pekee aliyokuwa nayo hapa. Mimi nilipohitimu ngumbaru nikamwambia mbele ya watu, "Lete kalamu. Umesoma miaka saba, unabeba gunia sawa na mimi nisiyesoma, faida yako nini?" Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuwashinda. Wiki ileile akavuka mfereji. Kule wamempa Biblia awasomee, na wanamwita Mwalimu.

Kukosea si desturi yangu, Mama Elia. Hapa nimekosea.

Kesho asubuhi navuka peke yangu, bila fimbo. Barua hii sitaifunga. Nitampa Elia aisome yote, na hapa nilipokiri kosa pia, kisha nimwombe aniandikie bahasha, maana mwandiko wangu karani wa posta ataugeuza juu chini. Shabani nimemweleza. Baadaye nimemwona anaisugua ile sufuria kwa majivu.

Nisalimie mama mkwe, na mdogo wangu anayetuchungia ng'ombe. Dada yangu mkubwa mwambie aniombee. Atashangaa, sijawahi kumwomba kitu tangu tuzaliwe.

Sasa geuza bahasha utazame jina lako. Likiwa limenyooka, mwanao amenisikia. Likiwa limepinda, nimeliandika mimi.

Mumeo,
Baba Elia