Nilimwita Mama Dada wa Kazi

Anti mpendwa, shikamoo, naomba msaada ila jina langu usilisome redioni, watanicheka. Nina miaka kumi na tatu, nasoma kidato cha kwanza hapa Kasulu, na darasani tumegawanyika, wapo Wa Lami, wanaokaa mjini na viatu vyao havina udongo, na wapo Wa Vumbi, wanaotembea kutoka vijijini, mimi natoka kijijini Heru Juu lakini viatu nabeba kwenye mfuko, nanawa miguu mtoni ndiyo navaa, kwa hiyo rafiki yangu Esperance, ambaye baba yake ni ofisa wa shirika la misaada, anajua mimi ni Wa Lami. Sasa wiki iliyopita mama akaleta mahindi ya chakula cha shule, debe zima kichwani, kandambili zimejaa udongo, akachuchumaa akapiga makofi kumsalimia mwalimu kama tunavyosalimiana kwetu, darasa likacheka, mwalimu naye akacheka, akamwacha juani wakati mama Esperance alipewa kiti! Esperance akauliza, "Nani yule?" nikasema, "Dada yetu wa kazi." Mama alisikia. Akaniangalia, akasema, "Mzigo nimefikisha, bosi," akaondoka. Tangu siku hiyo haniiti jina, ni "bosi, chakula tayari", na Jumapili napata kipaimara, anasema mfanyakazi atabaki kulinda nyumba. Hivi Anti, ni haki kweli? Si angenichapa tu yaishe?

Binti wa Heru Juu

Marahaba, mwanangu. Haki? Wewe wa kuniuliza mimi haki? Mama kabeba debe kutoka Heru Juu ili wewe ule mchana, unamkana mbele ya watu! Na dada wa kazi amekukosea nini hata umfanye tusi?

Ila hayo ya Lami na Vumbi hamkuyaota, mmeyaona kwetu sisi wakubwa. Mwalimu, kama unanisikiliza, ona haya. Mtu anachuchumaa kukupa heshima, unacheka?

Kuchekwa kunauma, binti, najua. Mama kaumia zaidi, ndiyo maana fimbo hajaigusa.

Leo hii nenda alipo, chuchumaa, piga makofi, mwombe msamaha, na usijitetee hata kidogo. Habari za kanisani usimtajie kwanza. Kesho vaa viatu kuanzia nyumbani, uingie darasani na udongo wako, umwambie Esperance aliyeleta mahindi ni nani. Ndipo urudi kumwomba mama aje kanisani Jumapili. Na usimnong'oneze Esperance, tafadhali. Uongo uliusema kwa sauti mpaka mama akasikia.