Uzi Usio na Neno

Jumatatu, 4 Machi
Lori limeleta watu sita. Nimewafunga watano kabla ya chai. Uzi mwekundu kwenye kifundo cha mkono, mishono saba, halafu lile neno. Nikishalitamka, mwili wa mtu unatii amri ya Msimamizi wa nyumba hii hata roho ikikataa. Wa sita akanyoosha mkono kabla sijamwambia. Mama mdogo! Aliyenilea. Miaka yote hii amejificha, nikidhani alishavuka mpaka.

"Shona, mwanangu," akasema. "Si ndiyo kazi iliyokupa uhuru?"

Nikashona. Neno nikalimeza.

Jumanne, 5 Machi
Hakuna aliyegundua. Mama mdogo anafua mashuka, uzi mkononi, uso mkavu. Nilipopita akaninong'oneza: mbona mwili bado ni wangu? Nikamwambia ainamishe kichwa, anyamaze.

Miaka kumi na miwili nimejiambia nisiposhona mimi atashona mwingine. Redio ya ofisini inasema ni halali, bunge la enzi za bibi lilikataa kuufuta utumwa. Sawa. Lakini mdomo ni wangu.

Alhamisi, 7 Machi
Mpishi kaja. "Dada fundi, uzi wangu umelegea."

Haukuwa umelegea. Nikaukata, nikashona mwingine, kimya. Akajifuta macho, akarudi kumenya viazi. Mchana wakaja wafuaji wanne. Wote nyuzi zimelegea! Mama mdogo hajui kufunga mdomo, na leo namshukuru.

Ijumaa, 8 Machi
Asubuhi niliwaita mwenyewe wale watano wa Jumatatu. Nikawaomba radhi, nikawashona upya bila neno. Mmoja akatema mate chini. Ana haki. Sasa nyumba nzima, watu kumi na mmoja, hakuna aliyefungwa.

Alasiri Msimamizi akawapanga uani. "Pigeni magoti!" Aliyefungwa huanguka kama gunia. Wengine waliigiza vizuri. Mama mdogo akakunja gauni kwanza, lisiguse matope.

Msimamizi aliona. Akanigeukia mimi, akanitazama mpaka nikakohoa.

Jumamosi, 9 Machi
Msimamizi kaniita mapema. Nimshone mama mdogo upya, mbele ya wote, na neno nilitamke kwa sauti. Nikikataa nitafungwa mimi — fundi mwingine yuko njiani.

Nikasema sawa, ngoja nikachukue sindano.

Sindano nilikuwa nayo, nimeichomeka kolani. Nilipitia jikoni na kapu lote la uzi mwekundu, nikalitia motoni. Mpishi akaongeza kuni.

Sasa nimekaa chumba cha kushonea, naandika. Moshi unaingia mpaka humu.

Uani Msimamizi anapiga kelele: pigeni magoti. Mara ya pili. Ya tatu sauti imempasuka. Sisikii hata goti moja likigusa chini.

Ananiita. "Fundi!" Sindano naiacha mezani. Natoka —