Masanja Kakalia Mbao

Basi ubao ukapasuka katikati, msumari ukagonga sementi huko chini, ukaruka. Ukampita Hamisi hapa, karibu na jicho, ukaenda kujichoma kwenye fremu ya mlango. Mpaka sasa upo palepale. Mie siugusi.

Leo Jumamosi, Boko manyunyu tangu alfajiri, na moyo wangu haujatulia. Andika hivyohivyo, Zuhura, mjukuu wangu, usinitengenezee maneno. Wewe ndo ulisema hii shajara ya kwenye simu bibi aongee tu.

Hamisi ni kitinda mimba wangu, fundi wa kenchi, zile mbao za kubeba paa. Chumbani kwangu sementi ikipata masika inatoa baridi, miguu inanivimba, basi kasema atanitandikia mbao. Mbao zenyewe za mninga, nyembambaa, marehemu baba yake alizipasua akaziegemeza nyuma ya mlango, na mchwa wa Boko unawajua, hawana adabu hata kwa vitu vya marehemu. Katandika plaiwudi juu ya sementi, kaleta mashine yake ya mapaa, ile kubwa ya kupigia misumari kwa upepo.

Ikinguruma, mie nashika ukuta.

“Mama, mashine hii imepiga mapaa ya nusu ya Bunju!”

Sawa, mapaa. Huko mbao nene kama paja na chini yake hewa tupu. Hapa ubao kama biskuti, na chini sementi.

Sijamwambia mtu ninachokiona nikifumba macho. Namuona baba yake. Msumari mnene ulijipinda kwenye mninga, ukaruka, ukamla jicho la kushoto. Tangu siku ile alikuwaga akitaka kukutazama anageuza shingo kama kuku. Watoto walicheka, na yeye akacheka nao. Mie nilikuwa nainamia sufuria. Ndo akawa anasema, mninga mwembamba haulazimishwi, upe msumari mwembamba.

Sasa Hamisi kageuza shingo vilevile kuutazama ule msumari mlangoni. Shingo ileile.

Halafu akachukua ubao mwingine!

Nikamwambia, acha, mwanangu. Akasema, mama kapumzike. Mtoto wa kiume ana ndevu, mkewe yupo anasikia, utamwambia nini tena? Nikatoka na khanga kichwani mpaka kwa jirani, Masanja. Masanja Msukuma, na sie Wazaramo na Wasukuma ni watani toka enzi za mababu. Kwenye msiba wa mume wangu aliingia kaburini akalala, akasema hatoki mpaka apewe jogoo. Akapewa. Mtani hafukuzwi, na ukimkasirikia aibu ni yako.

Nikamwambia kweli tupu: naogopa, Masanja, na nikampa maneno ya kwenda kumwambia. Hakunitania. Akavaa ndala akaja, akajilaza juu ya mbao chali, mikono kifuani.

“Mzee Masanja, shikamoo, lakini nyanyuka, tuna kazi.”

“Marahaba. Sinyanyuki. Nimesikia kuna Mzaramo anataka kujiua kwa msumari wake mwenyewe, nimewahi nafasi ya mbele.”

“Nitakupiga msumari wewe!”

“Piga. Halafu mnizike nyie, mnaojua kula pilau tu.”

Mkewe Hamisi kacheka mpaka kakaa chini. Mie niko koridoni, nacheka na machozi yananitoka, sijui lipi ni lipi.

Hamisi akauliza basi unataka nini, jogoo? Masanja kasema sitaki jogoo, nataka mashine ndogo, ile ya mafundi wa masofa na fremu, yenye vimisumari kama sindano ya cherehani. Na miwani ya machoni. Maneno yangu yote, kayasema kama yake.

Hamisi kanitazama. Kajua. Kaondoka na mvua hiyohiyo kwenda kuitafuta.

Karudi sasa hivi na hiyo mashine ndogo, hata koti hajavua. Kajaribu kwanza kwenye kile kipande kilichopasuka: tsk! Hakikupasuka zaidi, msumari haukuruka. Kakivuta kwa nguvu, kimeng’ang’ania plaiwudi. Ningefurahi, eti? Sijafurahi. Hofu ikishazoea kukaa na wewe haiondoki kwa tsk moja. Nawaza, vimisumari vyembamba hivi vitashika mpaka lini? Na kesho akienda kupiga kazi kwa watu, miwani ataivaa kweli, na mie simuoni?

“Mama! Mamaa! Njoo, huyu mzee bado hanyanyuki!”

Ngoja, Zuhura. Anataka nini tena?

“Anasema mwenye chumba apige wa kwanza! La sivyo analala hapa mpaka Idi!”

Masanja mnafiki, hilo hatukukubaliana! Mie nishike mdude ule? Mie?

“Hamisi! Miwani umevaa?”

“Nimevaa! Na ya kwako hii hapa!”

Ya kwangu. Kaninunulia na mie.

Shika simu, Zuhura. Bismillah. Nakuja, baba, nakuja, usiwashe kwanza.